Toronto Maple Leafs na vyombo vya habari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa Waswahili wanaoishi Toronto na vitongoji vyake, na kwa jamaa zao walioko nyumbani wanaoshangaa kwa nini mtu wa nyumba yao sasa anaamka saa tisa usiku kwa ajili ya Maple Leafs, timu ya Toronto ya mchezo wa magongo kwenye barafu, yaani hoki. Majibu ni ya shabiki anayesoma magazeti mengi kuliko inavyofaa.

Kwa nini Toronto, wakati kuna timu zinazoshinda?

Kwa sababu hapa ndipo nguvu ya vyombo vya habari inapoonekana waziwazi. Maple Leafs wana makombe 13 ya Stanley, kombe la ubingwa wa ligi ya NHL, na la mwisho walilichukua mwaka 1967 walipowafunga Montreal Canadiens mechi nne kwa mbili (kwenye mtoano, anayefikisha ushindi wa nne kati ya mechi saba ndiye mshindi). Aliyezaliwa mwaka ule sasa ana wajukuu. Hata hivyo, timu hii inaandikwa, inatangazwa na kubishaniwa kila siku, Julai ikiwemo, wakati hakuna hata barafu. Ndani ya Canada ni Montreal pekee wanaoweza kushindana nao kwa wingi wa kalamu. Timu isiyoshinda na isiyosahaulika lazima iwe inalishwa na kitu kingine nje ya matokeo.

Mapenzi haya yalianzia wapi?

Redioni. Mwaka 1923 kijana aitwaye Foster Hewitt alitangaza mechi ya hoki kupitia CFCA, kituo cha redio kilichokuwa mali ya gazeti la Toronto Star. Angalia hapo hapo: gazeti linamiliki redio, redio inatangaza mchezo, mchezo unauza gazeti. Mwaka 1931 uwanja wa Maple Leaf Gardens ulipofunguliwa, Hewitt alijengewa kibanda cha kuning'inia juu kabisa, kama mita 17 kutoka kwenye barafu, na kutoka huko sauti yake ikasambaa nchi nzima kila Jumamosi usiku. "Anapiga, anafunga!" ilikuwa kauli yake, na watangazaji wanairudia hadi leo.

Fikiria familia ya wakulima kule Saskatchewan, majira ya baridi, theluji imefunga njia. Kutoka kwao hadi Toronto ni zaidi ya kilomita 2,000. Hawajawahi kuiona timu, lakini majina ya wachezaji wanayajua kama ya majirani. Kuanzia 1942 hadi 1967 ligi ya NHL ilikuwa na timu sita tu, mbili kati ya hizo zikiwa za Canada. Montreal walikuwa wa Wafaransa wa Quebec, Toronto wakawa wa karibu wote waliobaki. Televisheni ilipoanza kuonyesha *Hockey Night in Canada* mwaka 1952 kupitia shirika la umma la CBC, ilikuta shamba limeshalimwa na kupandwa.

Matokeo yake unayaona mpaka leo. Leafs wakienda kucheza Calgary au Vancouver, jezi za bluu zinajaa jukwaani hadi wenyeji wanakereka. Wengi wa wale ni wajukuu wa wasikilizaji wa redio.

Timu ni ya nani, na televisheni ni ya nani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wengi hulifikia mwishoni badala ya kuanza nalo.

Maple Leafs ni mali ya kampuni ya MLSE, ambayo pia inamiliki Raptors wa mpira wa kikapu, Toronto FC wa soka na Argonauts wa futiboli ya Canada. Mwaka 2012 kampuni mbili kubwa za simu na intaneti, Bell na Rogers, ziliungana kununua sehemu kubwa ya MLSE kutoka mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, kwa takriban dola bilioni 1.3 za Canada. Bell ndiye mwenye TSN, na Rogers ndiye mwenye Sportsnet. Yaani wapinzani wawili wa biashara, wenye televisheni mbili kubwa za michezo nchini, wakawa wamiliki wenza wa timu ambayo televisheni zao zinairipoti kila siku.

Mwaka uliofuata Rogers alitia saini mkataba wa miaka 12 wa haki za matangazo ya NHL kwa Canada nzima, dola bilioni 5.2. CBC, waliozaa *Hockey Night*, wakabaki wanaonyesha kipindi chao wenyewe kwa ruhusa ya Rogers, na pesa za matangazo zikienda kwake. Septemba 2024 Rogers akatangaza kununua hisa za Bell, asilimia 37.5, kwa dola bilioni 4.7, na biashara ikakamilika Julai 2025. Aprili ya mwaka huo huo alikuwa ameshaongeza mkataba wa matangazo: miaka 12 mingine kuanzia msimu wa 2026-27, dola bilioni 11.

Kwa hiyo leo kampuni moja ina asilimia 75 ya MLSE, ina haki za kuonyesha ligi, ina chaneli, ina redio, na inakuuzia intaneti unayotazamia mechi. Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana, maana anaijua familia ya Azam yenye klabu kwenye Ligi Kuu na televisheni inayoionyesha ligi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Azam FC haina mashabiki wengi kuliko wapinzani wake. Chukua hali ile, halafu weka Simba na Yanga pamoja ndani ya klabu ya mwenye televisheni. Hiyo ndiyo Toronto.

Basi mwandishi anayelipwa na mwenye timu anaweza kuikosoa?

Anaweza, na anafanya hivyo. Washa Sportsnet asubuhi baada ya Leafs kufungwa, utasikia beki wa pili anavyochambuliwa mpaka utamwonea huruma. Hakuna aliyetoa amri kwamba wachezaji wasiguswe. Ukali kwa wachezaji ni biashara nzuri, huleta wasikilizaji.

Mimi naangalia kile kisichosemwa. Ukisikiliza wiki nzima utasikia juu ya safu ya pili ya ushambuliaji, kipa, kikomo cha mishahara, kocha anavyopanga watu. Bei ya tiketi utaisikia mara chache. Mwenye kampuni utamsikia mara chache zaidi, na akitajwa anatajwa kwa heshima. Lawama inashuka ngazi hadi kwa meneja mkuu, kisha kocha, kisha mchezaji anayelipwa vizuri. Juu ya hapo panakuwa kimya.

Magazeti ya Toronto Star, Globe and Mail na Toronto Sun hayako chini ya Rogers, wala The Athletic, inayomilikiwa na New York Times tangu 2022. Makala ngumu kuhusu wamiliki nyingi zimetoka huko. Mhariri mwenye akili anajua hilo, na msomaji naye alijue.

Waandishi wanawapataje wachezaji?

Baada ya mechi chumba cha kubadilishia nguo kinafunguliwa, waandishi wanaingia na simu na kamera, mchezaji anasimama mbele ya kabati lake akiwa bado anatoka jasho, na duara linamzunguka. Ni utaratibu wa ligi nzima, ila Toronto duara ni nene kuliko kwingine.

Aprili 25, 2018, mechi ya saba ya mtoano dhidi ya Boston. Leafs waliingia kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, wakiongoza bao moja, wakamaliza wamefungwa 7-4. Beki Jake Gardiner alikuwa uwanjani kwenye mabao matano ya wapinzani. Angeweza kujificha bafuni mpaka watu waondoke. Wengine hufanya hivyo. Alijitokeza, akasimama mbele ya kamera na macho mekundu, akasema sehemu kubwa ya kipigo kile ni yake na kwamba hana neno la kujitetea. Kila swali lilikuwa namna nyingine ya kuuliza jambo lile lile. Hakuondoka.

Msimu uliofuata kuna usiku mashabiki wa nyumbani walimzomea kila alipogusa kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira. Sioni kwamba waandishi walikosea kumwuliza. Ndiyo kazi yao. Lakini ile video ilirushwa tena na tena mwaka mzima, na kila iliporushwa, mechi ya watu 20 ikazidi kuwa ya mtu mmoja.

Kwa nini wachezaji wa hoki wanaongea maneno yale yale?

Umesoma jibu lililotangulia. Ungekuwa wewe, ungesema nini zaidi ya "tunachukua mechi moja baada ya nyingine"?

"Jeraha la sehemu ya juu ya mwili" ni jeraha gani?

Chochote kati ya kiuno na utosi. NHL hailazimishi timu kueleza jeraha kwa undani, na makocha wanadai wapinzani wakijua ni kiganja, watakipiga kiganja. Kwa hiyo wanatamka "juu" au "chini" na kufunga mdomo. Pengo hilo ndilo linalozaa wataalamu wa kubashiri, ambao watamtazama mchezaji akipanda ngazi za ndege na kukuambia ni goti.

Kisa cha Kessel na hotidogi ni kipi?

Phil Kessel alikuja kutoka Boston mwaka 2009. Aliongoza timu kwa pointi (mabao na pasi za mabao) misimu yote sita aliyokaa. Alikuwa mwenye haya, hapendi maikrofoni, hana mwili wa kuchongwa, na alilipwa pesa nyingi kwenye timu mbovu. Kwa waandishi wanaohitaji mtu wa kuandika kila siku, huyo ni mtaji.

Julai 2015 aliuzwa Pittsburgh. Mara moja safu moja ya Toronto Sun ikaandika kwamba Kessel alikuwa na desturi ya kununua hotidogi kila siku alasiri kwenye kigari cha muuzaji wa mtaani, na kwamba timu ilichoka na mambo ya namna hiyo. Watu wakafuatilia kona iliyotajwa na mahali alipoishi mchezaji, na hadithi ikaanza kupwaya. Haikujalisha. Ilikuwa imeshazunguka dunia, na mtu ambaye hajui hata idadi ya mabao yake anajua habari ya hotidogi.

Kilichofuata ni kwamba Kessel alishinda Kombe la Stanley na Pittsburgh mwaka 2016, akalishinda tena 2017, na la tatu akalipata akiwa na Vegas mwaka 2023. Aliwahi kuweka mtandaoni picha ya kombe lenyewe limejazwa soseji. Sijaona jibu kwa vyombo vya habari lililo zuri kuliko hilo.

Somo la mashabiki hapa halihusu chakula. Mchezaji bora wa timu aliondoka akiwa amepungua thamani machoni pa mji wake mwenyewe, na upungufu ule haukutoka kwenye takwimu.

Vyombo vya habari vinaweza kumfukuzisha kocha?

Peke yao, hapana. Wakishikana na uwanja, ndiyo. Februari 28, 2012, Leafs wakifungwa na Florida nyumbani, uwanja mzima ulianza kuimba kwamba kocha Ron Wilson afukuzwe. Redio zilikuwa zimeimba wimbo huo wiki kadhaa kabla. Siku chache baadaye akaondolewa, na meneja mkuu Brian Burke akaeleza kwamba kumwacha asimame tena mbele ya mashabiki wale kungekuwa ukatili. Burke mwenyewe hakuwa rafiki wa waandishi. Lakini alisikia.

Kisa cha Kyle Dubas ni cha ajabu zaidi. Mei 15, 2023, akiwa meneja mkuu ambaye mkataba wake unaisha, alikaa mbele ya waandishi na kusema ukweli: kazi imeielemea familia yake, na hajui kama atarudi. Siku nne baadaye rais wa timu, Brendan Shanahan, aliitisha mkutano wake na kusimulia hatua kwa hatua jinsi maneno yale yalivyombadilisha mawazo. Dubas akawa hana kazi. Mkutano na waandishi, ambao kwa kawaida ni mahali pa kusema maneno matupu, uliamua nani aongoze timu.

Na kuna upande wa pili ambao waandishi hawaupendi. Mwaka 2016-17 kocha Mike Babcock alimwambia Mitch Marner, kijana wa msimu wa kwanza, aandike orodha ya wenzake kulingana na bidii yao, kisha akawaambia baadhi ya waliowekwa chini. Habari hiyo ilitoka hadharani Novemba 2019, baada ya Babcock kufukuzwa. Miaka karibu mitatu! Kamera zote zile, duara lile nene kila siku, na kisa kikubwa kuliko vyote kilikaa ndani ya chumba mpaka mwenye nguvu alipoondoka.

Presha ya waandishi ndiyo inayowafanya wafungwe?

Hili ndilo jibu linalopendwa mjini, nami silikubali.

Leafs waliongoza Boston 4-1 kipindi cha tatu cha mechi ya saba mwaka 2013 na kufungwa 5-4 kwenye muda wa nyongeza. Mwaka 2021 waliongoza Montreal mechi tatu kwa moja na kutolewa, uwanja ukiwa karibu mtupu kwa sababu ya korona. Mwaka 2025 walifungwa 6-1 na Florida nyumbani, mechi ya saba. Ukiwasikiliza wachambuzi, yote haya ni uzito wa jezi, uzito wa mji, uzito wa 1967. Lakini mchezaji wa mwaka 2013 na wa mwaka 2025 si mtu yule yule, na kipa mzuri hafungwi na makala. Boston na New York nako kuna waandishi wakali. Tangu 1967 makombe wamechukua.

Nadhani wachambuzi wanalipenda jibu hili kwa sababu linawapa umuhimu. Kumwambia mtu kwamba maneno yake yanaangusha timu ya mamilioni ya dola ni kumsifia.

Tena, karibu kila mwaka tangu 2019 redio zilidai nyota wanne wa timu, Matthews, Marner, Nylander na Tavares, watenganishwe. Shanahan aliwaweka pamoja mpaka 2025, mwaka ambao yeye mwenyewe aliondoka na Marner akaenda Vegas. Kelele zote zile hazikumsogeza.

Zinapouma ni kwenye mazungumzo ya mikataba. William Nylander alichelewa kusaini mwaka 2018 hadi dakika za mwisho za siku ya mwisho, Desemba 1. Miezi mitatu mfululizo aliandikwa kuwa mlafi, haipendi timu, ana baba anayemponza. Aliporudi alicheza vibaya, pointi 27 katika mechi 54, na kila pointi iliyokosekana ikahesabiwa kwa dola. Huyo huyo Januari 2024 akasaini miaka minane kwa dola milioni 92 za Marekani, na mji ukashangilia.

Mashabiki wanaathirikaje?

Anza na ukumbi wenyewe. Scotiabank Arena inachukua watu kama 18,800, na viti vya chini vimejaa wageni wa makampuni, ambao kipindi cha pili kinapoanza bado wako kwenye mgahawa. Shabiki halisi yuko nyumbani au kwenye baa, timu anaijua kupitia skrini. Kwa hiyo anachoonyeshwa ndicho anachokasirikia.

Desemba 2010 mtu alirusha maandazi bapa ya kimagharibi, yale ya vishimo-vishimo, kwenye barafu. Usiniulize kwa nini maandazi. Televisheni ikaonyesha, magazeti yakachekesha, na kabla wiki mbili hazijaisha yakarushwa tena. Kurusha jezi nako kumekuwa hivyo hivyo: wa kwanza alikuwa na hasira, wa kumi alikuwa anaijua kamera ilipo.

Kisa kinachonifunza zaidi ni cha Novemba 2014. Tarehe 18 Leafs walifungwa 9-2 na Nashville nyumbani, jezi zikatupwa. Tarehe 20 waliwafunga Tampa Bay 5-2, kisha wakaondoka bila kwenda katikati ya uwanja kuinua magongo kuwaaga mashabiki kama ilivyokuwa desturi yao. Ushindi mzuri ukasahaulika hapo hapo. Siku kadhaa mjadala ulikuwa saluti: nani aliamua, kwa nini, nahodha Dion Phaneuf ana dharau? Mashabiki wengi waliokuwa wamezima televisheni kabla wachezaji hawajaondoka waliamka asubuhi wakaambiwa kwamba wametukanwa. Na wakakasirika kweli.

Ila mara moja moja kalamu huwasaidia. Aprili 2012, baada ya msimu mwingine wa kuanguka, mwenyekiti Larry Tanenbaum alichapisha barua magazetini kuwaomba radhi mashabiki. Mwenye timu isiyokosa wanunuzi wa tiketi hana haja ya kuomba radhi mpaka aone aibu, na aibu ile ilitengenezwa na waandishi.

Na sisi wahamiaji, tuna nafasi gani kwenye simulizi hili?

Kwa miaka zaidi ya 30 Don Cherry alikuwa sauti kubwa ya Jumamosi usiku, na koti lake la maua. Novemba 9, 2019, akiwataja watu wa Toronto na Mississauga, alisema hewani kwamba wale wanaokuja nchini kufaidi maziwa na asali hawavai ua jekundu la kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa anamsema nani. Siku mbili baadaye Sportsnet wakamwondoa. Wazee wengi weupe bado wanamlilia, na ukifanya kazi nao kiwandani utawasikia.

Upande wa pili kuna matangazo ya hoki kwa Kipunjabi, yaliyoanza 2008 na kumfanya Harnarayan Singh kuwa jina kubwa. Nimeona vibaraza vya Brampton ambako babu anatazama mechi kwa lugha yake na mjukuu anamtafsiria matangazo ya biashara. Kiswahili bado hakijapata maikrofoni hiyo.

Mbona kila dakika ni kamari?

Kwa sababu Ontario ilifungua soko la kamari za mtandaoni kwa makampuni binafsi Aprili 4, 2022. Usiku ule ule televisheni ikabadilika. Uwezekano wa kushinda ukaanza kutajwa kati ya vipindi kana kwamba ni utabiri wa hali ya hewa, na wachambuzi wakawa wanataja dau kabla ya mbinu. Auston Matthews, mfungaji mkubwa wa timu, aliingia kwenye matangazo ya kampuni ya kamari. Kuanzia Februari 28, 2024, msimamizi wa kamari wa mkoa alipiga marufuku wanamichezo kutumika kwenye matangazo hayo. Matangazo yenyewe hayajaondoka.

Kijana akikosa pesa yake kwa sababu mchezaji hakupiga mashuti ya kutosha, ujumbe wa matusi anaomtumia si wa shabiki tena. Mzazi uliye na vijana wanaotazama mechi, zima sauti kati ya vipindi.

Tetesi za usajili nizisomeje?

Uliza nani anafaidika. Habari kwamba timu tatu zinamtaka mchezaji mara nyingi imetoka kwa wakala wake. Habari kwamba mchezaji amekataa ofa nzuri mara nyingi imetoka kwa timu. Mtu kama Elliotte Friedman wa Sportsnet ana rekodi nzuri na husema wazi anapokuwa hana uhakika; kuna wengine wanaoandika "inasemekana" wakimaanisha "nimeota". Siku mbili za kuwa mwangalifu zaidi ni ile ya mwisho wa kubadilishana wachezaji, na Julai 1, soko la wachezaji huru linapofunguliwa, kwa sababu studio zina saa nyingi za kujaza na habari chache.

Shabiki wa kawaida ana sauti?

Anayo siku hizi. Steve Glynn, anayejulikana kama Steve Dangle, alianza kujirekodi chumbani kwake mwaka 2007 akipiga kelele baada ya mechi za Leafs, na leo podikasti yake inasikilizwa na watu wanaolipwa kuendesha timu. Uzuri wake ni kwamba hajifanyi hana upande. Ubaya ni kwamba amezaa waigaji wengi waliochukua kelele na kuacha kazi ya kutazama mechi.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Mdogo, lakini wa kweli. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu tangu 2005, na timu ya Kenya Ice Lions ilizaliwa hapo ikiwa haina mpinzani wa kucheza naye. Mwaka 2018 mgahawa wa Canada, Tim Hortons, uliwasafirisha wachezaji hadi Canada na kuwachezesha pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Filamu fupi ile iliwatoa watu machozi. Ilikuwa tangazo la kahawa, na vijana walicheza vizuri.

Mechi ni saa ngapi huko nyumbani?

Nyingi huanza saa moja jioni ya Toronto. Wakati wa baridi hiyo ni saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kuanzia Machi saa za Canada zikisogezwa, ni saa nane usiku. Kama una kazi asubuhi, lala. Ligi huweka muhtasari wa mabao YouTube bure, dakika chache tu. Utazame kabla hujafungua redio au kusoma makala yoyote, halafu amua mwenyewe nani alicheza vibaya.